Kope Zangu na Dawa ya Shangazi

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza kama nimefiwa. Alisubiri wenzake watoke, akaja mezani pangu na daftari lake kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pole. Tunaona kila siku unalia."

Nilimwambia silii, ni vumbi tu. Hakuniamini. Aliweka pakiti ndogo ya tishu juu ya meza akaondoka bila kugeuka, nami nikabaki nikijifuta macho kwa tishu hizo hizo, kwa sababu machozi kweli yalikuwa yanatiririka.

Sikuwa na msiba. Sikuwa na kope.

Mwaka uliotangulia nilitibiwa saratani ya titi. Dawa za dripu ziliniondolea nywele za kichwa, kisha nyusi, na mwisho kope, ambazo maishani mwangu sikuwahi kuzifikiria hata siku moja. Matibabu yalipokwisha, nywele zilirudi laini kama za mtoto mchanga. Nyusi nazo zikarudi. Kope zilikataa. Jicho la kulia ziliota nane, nilizihesabu mbele ya kioo. La kushoto hazikufika hapo.

Shule ninakofundisha Kiswahili iko Busia, upande wa Kenya, karibu na barabara ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Wakati wa kiangazi kila lori likisogea hatua tatu, vumbi linapanda na kuingia darasani kupitia madirishani. Mwenye kope zake hajui kazi zinazomfanyia. Mimi niliijua kazi hiyo siku zilipokosekana. Vumbi, chaki, moshi wa jikoni, hata jasho la paji la uso, vyote viliingia machoni bila kubisha hodi.

Nilipowalalamikia watu, waliniambia nimshukuru Mungu niko hai. Nilikuwa namshukuru, asubuhi na jioni. Lakini baada ya kumshukuru niligeukia kioo, na kioo kilinionyesha uso wa mgonjwa. Macho yasiyo na kope yanaonekana kama yamevuliwa nguo. Hilo sikuweza kumwambia mtu, maana nililiona kuwa ni tamaa. Mtu ameponea kaburini, sasa anataka kuremba macho?

Siku ya kutuza wanafunzi nilijaribu kope za kubandika. Gundi iliniwasha mchana kutwa, na jioni nilipozibandua ziliondoka na tatu kati ya zile nane zangu. Nilikaa kitandani nikiwa nimezishika kwenye kiganja.

Likizo ilipofika nilivuka mpaka kwenda kumwona shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba. Sisi asili yetu ni kijiji cha Nabuyoga, Uganda, ila yeye aliolewa kijiji cha Petta, na huko ndiko analima karanga, mtama na muhogo mpaka leo. Nilipokuwa nikitibiwa alifunga nyumba yake, akaja kukaa nami Busia miezi mitatu. Alinipikia uji wa wimbi, akanishikilia beseni nilipotapika, na siku kichwa kilipobaki kipara alikipaka mafuta akaniambia kina umbo zuri, kimefanana na cha babu. Huyo ndiye shangazi ninayemsema.

Nilimkuta uani anachambua karanga. Aliinua uso kunisalimu, nami nikasahau kuitika. Kope zake zilikuwa ndefu, nyeusi, zimejipinda kwa juu kama za ndama. Mama wa miaka zaidi ya sitini!

"Shangazi, umefanya nini macho?"

Alicheka. "Ni ile dawa ya presha ya macho. Daktari wa kule mjini Tororo aliniambia mapema kwamba itanirefushia kope, nisishtuke. Wanawake wa kanisani wanadhani nimepata bwana."

Nilijua ana presha ya macho. Ni ugonjwa usio na maumivu. Mshipa wa jicho unaliwa polepole, na mwenyewe hajui mpaka kipande cha dunia kikose kuonekana. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapoteza kidogo cha pembeni kabla ugonjwa haujagunduliwa. Tangu hapo alitia tone moja kila jicho, kila jioni, na kila baada ya muda alikwenda Tororo kupimwa. Yote hayo niliyajua. Lakini siku ile sikuona mgonjwa wa macho. Niliona kope.

Nilimweleza habari zangu zote, hadi zile kope tatu kiganjani. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua karanga. Kisha akasimama, akaingia ndani, akarudi na kichupa kidogo cheupe.

"Chukua. Kliniki hunipa viwili viwili. Mimi naona vizuri tu."

"Na wewe je?"

"Nimekuambia ninavyo viwili. Chukua, mwanangu."

Nilichukua. Sikuuliza mara ya pili, na hapo ndipo penye kosa langu. Mtu akikupa kwa moyo mweupe, kuuliza mara ya pili kunaonekana kama kukataa. Lakini kuna vitu ambavyo lazima uulize mara ya pili na ya tatu.

Nyumbani nilitafuta brashi ya zamani ya wanja, nikaisuuza kwa maji ya bomba. Kila jioni nilidondoshea tone juu yake nikapaka kope za juu. Baada ya wiki mbili sikuona mabadiliko, nikaanza kupaka na za chini, na asubuhi pia. Dawa ilitiririka shavuni nikaipangusa kwa mkono. Nilijiambia kwamba kama tone moja ni zuri, matatu ni mazuri zaidi. Mimi ambaye huwasahihisha wanafunzi kwa kutosoma maagizo ya mtihani!

Wiki ya tano niliamka jicho la kushoto limegandana kwa usaha. Nilipolifungua kwa maji ya uvuguvugu lilikuwa jekundu kama nyanya, na mwanga wa dirishani ulinichoma. Kwenye shavu, chini ya jicho, palikuwa na kitu kingine: vinywele vyembamba vimeota pale dawa ilipokuwa ikitiririka. Kwenye kope zenyewe, kidogo sana.

Kwa bahati siku iliyofuata ilikuwa siku ya shangazi kupimwa, na nilikuwa nimeahidi kumsindikiza. Nilivaa miwani ya jua, nikavuka mpaka asubuhi, tukakutana Tororo kwenye lango la kliniki. Aliniangalia, akaniondolea ile miwani bila ruhusa, akashika mdomo.

"Jicho limepatwa na nini?"

"Si kitu, Shangazi."

Muuguzi wa mapokezi, kijana wa huko huko, alituelekeza kwenye benchi kwa Kiswahili chao cha Tororo. "Mama wawili, nyinyi nakaa hapa. Daktari nakuja sasa hivi." Tulikaa. Shangazi alinishika mkono, mkono wake ukiwa baridi kuliko wangu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Alituruhusu tuingie pamoja. Alianza na mimi kwa sababu ya wekundu. Aliniketisha mbele ya mashine, nikaweka kidevu mahali pake, akanidondoshea maji ya njano jichoni na kuniangalia kwa taa ya buluu. Akaniuliza, "Umetia nini humu?"

Nilikuwa nimepanga kusema ni vumbi. Badala yake nilifungua mkoba nikatoa kichupa. Aligeuza karatasi iliyobandikwa, akasoma jina la shangazi. Kisha akamgeukia shangazi.

"Mama, hii ni dawa yako. Wewe umekuwa ukitumia nini?"

Shangazi alitazama sakafu. "Ile nyingine. Nilikuwa natia siku moja, naruka siku mbili. Ili ifike mpaka leo."

Nilimtazama. Hakuwa na cha ziada. Vile viwili vilikuwa vimehesabiwa vimfikishe siku ile ya miadi, naye alinipa kimoja akabana kilichobaki kama mtu anayebana chumvi. Na mimi, upande wa pili wa mpaka, nilikuwa nikiimwaga dawa hiyo shavuni asubuhi na jioni.

Daktari hakupandisha sauti. Nadhani angepandisha ningevumilia vizuri zaidi. Alisema tu, "Ngoja nimpime kwanza," akamketisha shangazi kwenye kiti nilichotoka.

Presha ilikuwa imepanda macho yote mawili. Daktari aliandika, akapima tena, akaandika tena. Alisema lazima afanye kipimo cha nukta za mwanga, ambapo mtu anatazama ndani ya kibakuli cheupe na kubonyeza kitufe kila anapoona nukta ikiwaka, ili wajue kama pembeni pameharibika zaidi. Shangazi aliingizwa chumba cha pili. Mimi nikatoka kwenda kukaa kwenye benchi.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipokuwa nikingoja majibu ya saratani yangu mwenyewe sikuogopa namna ile. Ule ulikuwa mwili wangu. Haya yalikuwa macho ya mtu aliyenifunga kitambaa kichwani kila asubuhi. Nilisikia kile kitufe kikibonyezwa kule ndani, tik, kimya, tik tik, kimya kirefu, na kila kimya kirefu nilijua kuna nukta imewaka na shangazi hakuiona. Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, kope basi, kope sitaki tena, niachie macho yake.

Mlango ulipofunguliwa daktari alikuwa ameshika karatasi mbili, ya zamani na mpya. Aliniita ndani, akaziweka mezani bega kwa bega ili na sisi tuone. Lile doa jeusi la pembeni ya jicho la kushoto lilikuwepo kwenye zote mbili. Lilikuwa lile lile. Halikuwa limekua.

"Hamjapoteza kitu," alisema. "Presha imepanda, lakini tukirudi kwenye dawa kila siku itashuka. Mngeendelea hivi miezi kadhaa, ningekuwa nazungumza maneno mengine."

Nililia. Safari hii sikusingizia vumbi. Shangazi alinipiga piga mgongoni akisema, "Basi, basi, si amesema?" kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Daktari alituacha tutulie, kisha akasema nasi wote wawili. Dawa ya mtu mmoja haigawanywi kama chumvi kwa jirani, alisema, hata kama ni ndugu wa damu. Jicho langu lilikuwa na maambukizi kwenye ukingo wa kope, kwa sababu ya brashi chafu. Kioo cha jicho hakikuwa kimekwaruzwa, namshukuru Mungu. Aliniandikia dawa ya kuua vijidudu na kunionyesha jinsi ya kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya moto. Vile vinywele vya shavuni, alisema, vitaondoka vyenyewe nikiacha kumwagia dawa.

Niliinuka kuaga. Akaniambia, "Keti. Hujaniambia kwa nini uliitaka."

Nilimweleza, nikimalizia na ile hoja ya kila mtu, kwamba niko hai na ni jambo dogo.

"Aliyekuambia ni jambo dogo ana kope zake," alisema. "Dawa ya kuotesha kope ipo. Ni ndugu wa hii ya shangazi yako, ila imetengenezwa kwa kazi hiyo, na inaandikwa na daktari baada ya kukuangalia. Ungeuliza tu."

Ungeuliza tu. Maneno hayo mawili nimeishi nayo.

Hakuniandikia siku hiyo. Alisema jicho lenye maambukizi halipakwi, lazima lipone kwanza. Alinipima presha ya macho nami, kwa kuwa ugonjwa wa shangazi hupenda kutembea ndani ya ukoo mmoja. Yangu ilikuwa ya kawaida, na akaniambia nipimwe kila mwaka. Aliniuliza kama nina mimba au nanyonyesha, kama nimewahi kuumwa ndani ya jicho, kama navaa lenzi, kama kuna dawa inayonidhuru. Akaniagiza nimwulize na daktari wangu wa saratani. Nilimpigia, akakubali.

Nilirudi baada ya wiki tatu, jicho likiwa jeupe. Ndipo akaandika. Duka la dawa la Tororo halikuwa nayo, wakaagiza Kampala. Katika kuingoja, mama mmoja mwenye kibanda Busia alinionyesha kichupa kisicho na maandishi akasema hicho ndicho wanachotumia wote, kinaotesha kwa siku saba. Nilimshukuru nikapita.

Dawa ilikuja kwenye sanduku lililofungwa, pamoja na vibrashi vyembamba, vingi, kila kimoja cha kutumika mara moja na kutupwa. Daktari alinifanyisha mazoezi mbele yake kwa maji matupu. Kila jioni mara moja: nawa mikono, osha uso, ondoa wanja wote, kausha. Tone moja kwenye kibrashi. Pitisha polepole kwenye mizizi ya kope za juu, kutoka karibu na pua kwenda nje, kama unayechora mstari wa wanja. Kinachozidi kipanguse kwa tishu kabla hakijateremka. Tupa kibrashi, chukua kipya kwa jicho la pili. Za chini usizipake kabisa. Dawa itafika yenyewe ukipepesa. Ukisahau siku moja, usirudishie kesho yake.

"Na ikiwasha?"

"Kuwasha kidogo na wekundu kidogo mwanzoni ni kawaida. Maumivu, usaha, au kuona ukungu, acha, uje. Ngozi ya hapo inaweza kuwa nyeusi kidogo. Mara nyingi hurudi ukiacha dawa. Rangi ya mboni ikibadilika hairudi, lakini yako ni nyeusi tayari, hutaona tofauti. Na usinipigie simu wiki ya pili kuniambia hakuna kitu. Inataka miezi miwili, mitatu, hata minne."

Shangazi alikuwa ameketi kando akisikiliza yote. Tulipotoka nje aliniwekea sharti. Kila jioni nimpigie simu baada ya chakula, yeye atie dawa yake na mimi nipake yangu, wote tukisikilizana. "Hatuaminiki," alisema. "Wewe unazidisha, mimi napunguza."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Niliweka simu mezani na sauti yake ikijaza chumba.

"Umenawa?"

"Nimenawa. Wewe umetia?"

"La kulia tayari. Ngoja. Na la kushoto. Limeingia. Usipake mara mbili!"

"Sipaki mara mbili, Shangazi."

Kisha alinipa habari za karanga zake, na mbuzi wa jirani aliyekula majani ya muhogo, na mahubiri. Tangu niolewe Kenya, ukiacha ile miezi mitatu ya ugonjwa wangu, hatukuwahi kuongea kila siku. Mume wangu alizoea, akawa akipita tu anamsalimia shangazi mezani.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Ukingo wa macho uliwasha kidogo wiki mbili, ukaacha. Wiki ya saba nilikuwa nikipangusa dawa iliyozidi nikahisi tishu imeguswa na kitu, kama ncha za nyasi changa. Nilisogea kwenye kioo. Zilikuwa fupi, nyembamba, lakini zilikuwa safu. Sikuzihesabu. Nilimwambia shangazi kwenye simu, akapiga vigelegele mpaka jirani yake akaja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu nilisimama darasani upepo ukivuma kutoka barabarani, na nilipomaliza kipindi niligundua sikuwa nimetoa kitambaa hata mara moja.

Tulirudi Tororo pamoja kwa miadi ya shangazi. Presha yake ilikuwa imeshuka pale daktari alipoitaka, macho yote mawili. Alipima mara mbili, kama ile siku nyingine, ila safari hii alikuwa akitabasamu kabla hajaandika. Kisha akaniangalia mimi kwa taa yake, juu, chini, kulia, kushoto. Akasema nimalize mwezi mmoja uliobaki kati ya ile minne, kisha tutaamua. Nikiacha kabisa, baada ya wiki kadhaa kope zitaanza kurudi nyuma polepole kwenye hali yake ya asili; lakini baada ya dawa za saratani, asili ya mtu wakati mwingine huendelea kurudi yenyewe taratibu, kwa hiyo tusikate tamaa na tusiahidiane. Nilimwambia nitapokea chochote kitakachobaki. Nilisema kweli, na nilijishangaa.

Nje jua lilikuwa kali juu ya Mwamba wa Tororo. Nilitaka kumwita shangazi bodaboda. Alikataa. Alisema amekaa sana, anataka kutembea hadi sokoni anunue mbegu. Kwenye barabara kubwa nilimshika kiwiko, naye akakitoa taratibu. Alitazama kushoto, jicho lake bovu na zima pamoja, akatazama kulia, akangoja lori la simenti lipite, kisha akavuka mbele yangu kwa mwendo wake wa haraka, mkoba kwapani, nikabaki nikimfuata nyuma.